Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Historia ya Simu Unayopaswa Kuisoma

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Mliofuturu salama Njombe, Makambako, Ludewa, mpaka Manda kule ziwani, na nyinyi mlio mbali na nyumbani, Allah azikubali funga zetu sote. Amin.

Leo tuzungumze kuhusu simu. Na si simu yako, ni ya mwenzio.

Tangu Ramadhani ianze nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti. "Ustaadh, kuna huduma mtandaoni, unaweka namba ya mtu tu, unaona amempigia nani, saa ngapi, wameongea dakika ngapi. Inafaa nikimwangalia mke wangu?" Wawili ni wanaume wanaofanya kazi mbali na familia zao. Wa tatu ni dada, naye anamuulizia mume. Nimeona nisiwajibu mmojammoja, kwa sababu najua wapo wengine humu wenye swali hilohilo ila wanaona haya kuuliza. Na wapo ambao hawakuuliza kabisa, wameshalipia.

Nitaanza na kisa. Wahusika wote wameniruhusu nikisimulie, na mke wangu amekisoma kabla yako. Mambo machache nimeyabadilisha ili wasijulikane.

*Simu ya saa 3 usiku*

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, mwaka juzi. Usiku ule sikwenda darsa ya baada ya Isha, nilikuwa na homa, na mnaijua baridi ya Njombe mtu akiwa na homa. Nimejifunika blanketi sebuleni, mama watoto yuko jikoni. Simu yake ikaita juu ya meza. Namba ngeni. Nikapokea.

Hata salamu sikujibiwa. Sauti ya mwanaume ikasema, "Ahaa! Kumbe ndiyo wewe." Halafu matusi. Katikati ya matusi nikashika maneno machache: mke wangu, kila usiku, saa mbili na nusu, nimekukamata. Akakata.

Ndugu yangu, hebu jiweke pale. Mtu ameniambia kwamba namba hii inaongea na mke wake kila usiku. Namba yenyewe ni ya mke wangu mimi. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema, huyu kakosea, au kuna jambo nitamuuliza mwenyewe yuko hapo jikoni, hatua kumi tu. Mimi sikufanya hivyo. Nilifungua orodha ya simu za mke wangu, nikaanza kushuka nayo kwa kidole.

Na kweli nikaikuta. Namba moja, karibu kila usiku, saa 2:30, dakika 20, dakika 25, dakika 30. Muda ambao mimi huwa msikitini, nasomesha watu dini yao.

Sikusikia mlango. Niliponyanyua uso nikamwona amesimama, mikono ina maji, ananitazama. Akaniuliza, "Baba watoto, unatafuta nini humo?"

Sikuwa na jibu.

Akakaa, akanieleza. Namba ile ni ya dada mmoja wa Manda. Walikutana msibani Ludewa. Dada yule alisilimu alipoolewa, ana watoto watatu sasa, na miaka yote hiyo alikuwa akiswali kwa kufuatisha midomo ya wenzake. Hajui alifu wala lamu. Mume wake anasoma vizuri, ana duka Makambako, anashuka Manda mara moja kwa mwezi au mara moja kwa miezi miwili. Dada akaona haya kumwambia mumewe kwamba hata Alhamdu haimudu sawasawa. Akamwomba mke wangu amfundishe kwa simu, usiku watoto wakilala, na akamwomba sana asimwambie mtu. Alitaka Ramadhani ikifika, mume akishuka, asimame nyuma yake na awe anajua anachosoma. Walikuwa wamefika Suratul-Inshirah.

Mke wangu alipomaliza aliongeza neno moja tu. "Ungeniuliza, ningekuambia."

Haya, na yule bwana wa Makambako alifikaje kwenye namba ile? Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alianza na moja ya hizo huduma za mtandaoni. Akaweka namba ya mkewe, ukurasa ukamwonesha duara linazunguka, "tunatafuta", kisha ukamwambia taarifa zimepatikana, lipa 25,000. Akalipa. Ukamwambia lipa 15,000 nyingine ya kufungua faili. Akalipa. Baada ya hapo kimya. Mtu mwenye bahati angeishia hapo. Lakini simu ya mkewe alimnunulia yeye, na akaunti ya barua pepe iliyomo aliifungua yeye, nywila anaijua. Fundi mmoja akamwelekeza: ingiza akaunti hiyo kwenye simu nyingine mpya, itarudisha kila kitu kilichohifadhiwa. Ikarudisha majina, ikarudisha na kumbukumbu za simu. Akaona jina "Mwl". Kila usiku, Mwl. Akasema mwalimu gani huyu? Akapiga. Akapokea mwanaume.

Unaona? Alichokiona kilikuwa kweli tupu. Saa ni za kweli, dakika ni za kweli, na sauti ya mwanaume ilikuwa ya kweli, ilikuwa sauti yangu. Na juu ya ukweli wote huo akajenga uongo mkubwa. Orodha ya simu inakuambia nani, lini na muda gani. Haikuambii kwa nini. Hiyo "kwa nini" unaijaza wewe mwenyewe, na ukiwa na shaka, utaijaza kwa shaka.

*Vazi*

Sasa sikia jambo ambalo wengi tunalipita.

Hukumu za funga zimekuja katika Suratul-Baqara, kuanzia aya ya 183. Ukifika aya ya 187, humohumo katika maelezo ya usiku wa Ramadhani, kula na kunywa mpaka alfajiri ipambanuke, Allah anawataja mume na mke. Anasema kwamba wake ni vazi kwa waume, na waume ni vazi kwa wake. Hakulisema hilo katika mlango wa talaka. Kalisema katika aya ya funga.

Vazi linafanya nini? Linakusitiri. Linakukinga na baridi, sisi watu wa nyanda za juu hatuhitaji kufundishwa hilo. Linakaa karibu na mwili kuliko kitu kingine chochote, linajua kovu lako liko wapi, na halimwambii mtu. Sasa vazi likigeuka likawa jicho, likawa linakuchungulia na kuandika, utalivaa tena kwa raha?

Halafu itazame funga yenyewe. Swala watu wanakuona. Zaka yule unayempa anaijua. Hija mtu anapokelewa na kanzu na kofia. Lakini funga? Nani anajua kwamba leo saa nane mchana hukuingia chooni ukanywa maji ya bomba? Mkeo anajua? Hajui. Amekuamini. Imamu anajua? Amekuamini. Mtume (s.a.w.) ametufikishia kutoka kwa Mola wake kwamba funga ni Yake na Yeye ndiye atakayeilipa, na miongoni mwa waliyoyasema wanazuoni katika kuieleza hadithi hiyo ni kwamba hii ni ibada isiyoonwa na mwingine asiyekuwa Yeye.

Basi fikiri. Mchana kutwa unaishi kwa kuaminiwa. Watu wanakuandalia futari kwa kuamini tu kwamba umefunga. Hakuna aliyekufunga kamera mdomoni. Usiku unaingia, unakaa na simu, unataka kumwekea mwenzio kamera. Uaminifu unaoupokea mchana, usiku unamnyima mwingine. Hii si haki, ndugu yangu.

*Msipelelezane*

Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, Allah anawaita walioamini, anawakataza mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza dhana, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Pili kupelelezana. Tatu kusengenyana. Angalia mpangilio wenyewe. Dhana inaingia moyoni, inakupeleka kwenye kupekua, ukishapekua huwezi kukaa nacho, utakwenda kukisema. Utamwambia kaka yako, utamwambia fundi simu, utamwambia rafiki wa kijiweni. Yule bwana wa Makambako, kabla hajanipigia mimi, watu wanne pale mjini walishajua kwamba mke wake "ana mtu". Wanne! Na mke mwenyewe yuko Manda anafundishwa herufi.

Utasema, aya inawahusu watu wa nje, huyu ni mke wangu. Haya, nenda Sahih Muslim. Imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu aliyesafiri kuirudia familia yake usiku kwa kuivizia, akiwa na nia ya kuwatuhumu kuwa wamemfanyia khiyana, au kuwatafutia makosa yao. Zingatia. Ni mume. Ni nyumba yake. Mlango ni wake. Na bado amekatazwa kuingia kwa nia ya kuvizia.

Zama zile kuvizia kulihitaji mtu apande ngamia usiku kucha. Leo mtu yuko Makambako, njia panda ya Songea na barabara kuu ya Mbeya, lori zinapita nyuma yake, na kwa kidole tu anaingia chumbani kwake Manda bila kubisha hodi. Umbali umebadilika, nia ni ileile.

Inasimuliwa pia kisa cha Umar ibn al-Khattab (r.a.), alipokuwa akizunguka Madina usiku. Akasikia sauti ndani ya nyumba ya mtu, akapanda ukuta, akamkuta na pombe. Akamkaripia. Yule mtu akamjibu kwa adabu: Ewe Amiri wa Waumini, usiniharakie. Mimi kama nimemuasi Allah katika jambo moja, wewe umefanya matatu. Allah amekataza kupeleleza, nawe umepeleleza. Ameamrisha tuingie majumbani kwa milangoni, nawe umepanda ukuta. Na ameamrisha tusiingie mpaka tutake idhini na tutoe salamu, nawe hukufanya hivyo. Umar, huyu Umar tunayemjua sisi, akamwacha.

Yule mtu alikuwa na kosa la kweli! Pombe ilikuwepo. Lakini pombe yake haikuuhalalisha ukuta wa Umar.

Na katika Sunan Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) amewaonya walioamini kwa ulimi tu, wasifuatilie aibu za Waislamu, kwani anayefuatilia aibu zao, Allah ataifuatilia ya kwake, mpaka amfedheheshe akiwa ndani ya nyumba yake. Mimi nilifedheheka sebuleni kwangu, nimejifunika blanketi, mbele ya mtu mmoja tu. Namshukuru Allah aliyenisitiri nikaishia na huyo mmoja.

*Hizo huduma zenyewe ni kitu gani?*

Tusiseme haramu tukaishia hapo. Tujue na hali ya jambo lenyewe.

Kumbukumbu za simu za mtu zinakaa mahali patatu. Ndani ya simu yenyewe. Kwenye kampuni ya mtandao wake, kwa ajili ya malipo. Na kwenye hifadhi ya akaunti, kama simu imeunganishwa na akaunti ya barua pepe. Basi. Ukurasa wowote unaokuambia "weka namba tu uone alizopiga" hauna ufunguo wa hata pahala pamoja kati ya hapo. Unaangalia tamaa yako na mfuko wako. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanakuomba tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako, na ukiwapa, WhatsApp yako au pesa yako ya simu inaondoka. Umetega mtego, umenasa wewe.

Zipo programu za kijasusi za kweli. Hizo kwa kawaida zinahitaji mtu aishike simu ya mwenzio, aziweke kwa siri, zijifiche. Zikishakaa, zinapeleka kila kitu kwa mwenye programu, nje huko: simu, meseji, picha, mahali mtu alipo. Kuna moja ya Poland iliyoitwa LetMeSpy. Mwezi Juni 2023 wadukuzi waliingia, wakachota meseji, kumbukumbu za simu na sehemu walipokuwa watu, pamoja na anwani za wale waliokuwa wakipeleleza. Mwezi Agosti mwaka huohuo ikafungwa. Huko Marekani, Septemba 2021, mamlaka ya kulinda watumiaji iliipiga marufuku SpyFone kufanya biashara hiyo. Yaani mtu anadhani anaichungulia familia yake peke yake, kumbe amewafungulia mlango watu asiowajua wamwone mke wake na watoto wake. Huo ndio wivu wa kulinda heshima ya nyumba?

Na sheria ya nchi ipo. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuwa kosa kuingia bila ruhusa kwenye mfumo wa kompyuta, na simu janja ni kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Hakuna mahali paliposema "isipokuwa mume".

*"Lakini ustaadh, mimi nina shaka ya kweli"*

Najua. Na sikudharau. Kuna mtu anasoma hapa ameshika tumbo. Amebadilikiwa, anaona dalili, halali usingizi. Kwako wewe sisemi "acha wivu" nikaondoka.

Nakukumbusha kisa cha Ifk. Madina yote ilikuwa ikinong'ona kuhusu Mama yetu Aisha (r.a.). Karibu mwezi mzima, wahyi haujashuka. Nani alikuwa na uchungu kuliko Mtume (s.a.w.)? Nani alikuwa na haki ya kutaka kujua kuliko yeye? Alifanya nini? Aliwataka ushauri watu wake wa karibu, aliwauliza waziwazi. Kisha akamwendea Aisha mwenyewe, nyumbani kwa wazazi wake, akakaa, akamwambia yaliyomfikia: ikiwa hukufanya, Allah atakutakasa, na ikiwa umeteleza, mwombe Allah msamaha na urudi Kwake. Uso kwa uso, wazazi wake wakiwepo. Hakumvizia. Na Allah akateremsha kutakasika kwake katika Suratun-Nur.

Hiyo ndiyo njia. Kaa na mwenzio, mweleze kilichokuumiza, sema "nimeona hivi, nimeumia, niambie". Ikishindikana, Suratun-Nisaa, aya ya 35, imeweka utaratibu: mwamuzi kutoka upande wa mume na mwamuzi kutoka upande wa mke. Wazee wapo, masheikh wapo. Ni njia nzito, inahitaji moyo. Kupekua simu ni rahisi zaidi, ndiyo maana tunakimbilia huko. Mwanaume anayeogopa kumuuliza mkewe swali moja, haogopi kulipa 40,000 kwa tapeli.

Na wewe ambaye kweli unacho unachokificha, usishangilie post hii. Sijaandika ili upate pa kujificha. Sitara ya Allah ni mlango wa tauba. Mwezi huu mlango uko wazi. Ifute namba hiyo leo, kabla ya Isha.

Na watoto? Mtoto mdogo ni amana, mzazi ana haki na wajibu wa kuangalia anachokutana nacho kwenye simu. Lakini fanya wazi. Mwambie, "Mwanangu, simu hii nitakuwa naiangalia." Akijua unaangalia, anajifunza haya. Akigundua ulikuwa unachungulia kwa siri, anajifunza kuchungulia.

*Historia unayopaswa kuisoma*

Sasa nifike pale nilipokuwa napataka.

Allah hajakuacha bila historia ya kusoma. Katika Suratul-Israa, aya ya 14, imekuja kwamba siku ya Kiyama mtu ataambiwa akisome kitabu chake, nafsi yake mwenyewe siku hiyo itatosha kumhesabu. Kitabu chake. Si cha mkewe, si cha mumewe. Na katika Suratul-Infitar tunaambiwa juu yetu wapo walinzi watukufu, waandishi, wanajua tunayoyatenda. Wao hawakosei jina. Wao hawaandiki "Mwl" ukabaki unakisia. Nia imo.

Na kidole kile kile ulichoshukia nacho kwenye orodha ya mwenzio, Suratu Yaasin imetuambia siku hiyo midomo itafungwa na mikono itazungumza. Kidole changu mimi kitasema nini kuhusu usiku ule? Nimeshamwomba Allah msamaha, na nimemwomba mke wangu. Bado nikikumbuka naona haya.

Kwa hiyo leo, baada ya Tarawehe, fungua orodha ya simu. Ya kwako. Shuka nayo taratibu, mwezi mzima. Angalia. Mama yako umempigia mara ngapi? Yule jirani aliyefiwa Shaaban, jina lake limo? Kuna mtu amekupigia mara tatu na hukumrudia kwa sababu unajua anakudai? Kuna namba ambayo ukiiona unatamani mtu asiione? Yule ndugu mliyegombana kwa ajili ya shamba, mara ya mwisho ni lini? Mke wako aliye Manda, unampigia kumuuliza hali au kumuuliza yuko wapi?

Hiyo ndiyo muhasaba. Hailipiwi, haihitaji nywila ya mtu, na hakuna mwingine wa kuihesabia nafsi yako.

*Ilikuwaje mwishowe?*

Mtauliza. Bwana yule alipanda kuja Njombe siku ya tatu yake, akakaa sebuleni palepale, akalia kama mtoto. Akashuka Manda kumwomba mkewe radhi. Dada akasamehe, alisema hivyo mbele ya mama mkwe wake. Lakini Ramadhani ile hakusoma. Mke wangu alipompigia, alimwambia, "Mwalimu, nikishika simu nahisi kuna mtu wa tatu anasikiliza." Simu janja akaiuza, akanunua kitochi. Mume akabaki na orodha ya watu wanne wa Makambako wa kuwafuata mmojammoja kusafisha jina la mkewe. Watatu amewafuata. Mmoja alikuwa ameshahama, hajulikani aliko, na ameondoka na maneno yale.

Shaaban iliyopita, baada ya zaidi ya mwaka na nusu, mke wangu alipokea simu saa 2:30 usiku. Safari hii nilikuwepo. Nikatoka nje nikawaacha. Ananiambia wameanza tena, kuanzia Inshirah.

Tumuombee.

*Kazi ya leo*

1. Kama umeweka chochote kwenye simu ya mwenzio kwa siri, au unajua nywila yake bila yeye kujua, kitoe leo na umwambie. Ndiyo, umwambie. Hilo ndilo gumu.

2. Jilinde na wewe. Kwenye WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kama kuna usichokijua kiondoe. Piga *#21# uone kama simu zako zimeelekezwa kwa namba nyingine. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Badilisha nywila ya akaunti uliyofunguliwa na fundi au na ndugu.

3. Usimpe mtu yeyote tarakimu za uthibitisho. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040.

4. Mpigie mtu mmoja ambaye orodha yako imekuonesha umemsahau. Mmoja tu. Kabla ya daku.

Ewe Allah, zisitiri aibu zetu na uzitulize khofu zetu. Ewe Allah, tufanye sisi na wenzi wetu tuwe mavazi, tusiwe majasusi. Wasamehe waliopekua, wasamehe waliopekuliwa wakaumia, na watakase wale waliosingiziwa. Tupe ushujaa wa kuuliza na adabu ya kujibu. Tukubalie funga zetu ambazo hakuna azijuaye ila Wewe. Amin.

Ukiona ina faida mtumie mwenzio, lakini usimtumie yule unayemshuku ili kumpiga kijembe. Huyo kaa naye mzungumze.

Kesho insha'Allah, Siku ya 13: deni, na yule anayekupigia mara tatu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.